Nani Mwenye Neno la Mwisho juu ya Kiwanja cha Nyakato?

Jijini Mwanza, Barabara ya Musoma ikishaiacha Mabatini na kuingia Nyakato, ardhi inazidi kuwa haba. Stendi ya Buzuruga, viwanda, chuo cha VETA, nyumba za National, maduka ya nondo na saruji, gereji, makanisa na misikiti, vyote vinabanana pande mbili za lami, na nyuma yake makazi yanasambaa hadi Buswelu. Humo ndani mna karibu kila aina ya umiliki inayopatikana Tanzania Bara. Mmoja ana hati. Jirani yake ana ofa ya zamani ambayo hakuwahi kuifuatilia iwe hati. Wa tatu ana karatasi ya mauziano iliyogongwa mhuri wa serikali ya mtaa. Wa nne hana karatasi yoyote. Babu yake alilima pamba na mihogo hapo kabla mji haujafika. Siku maofisa wanapopita na kopo la rangi, au barua inaposhuka kutoka ofisi ya mkuu wa wilaya, wote wanne wanabaki na swali moja: mtendaji wa Serikali anaweza kufanya nini juu ya ardhi yangu, na kipi kinamzuia asipitilize?

Mtaani swali hili lina majibu mawili ya haraka. La kwanza ni kwamba ardhi yote ni ya Serikali, sisi ni wapangaji tu. La pili ni kwamba mwenye hati hagusiki. Yote mawili yanawaumiza watu, kwa sababu la kwanza linamkatisha tamaa mwenye haki na la pili linamfanya alale usingizi wakati siku za kupinga zinahesabika. Ukweli uko kwingine. Sheria zetu zimeweka mipaka ya kutosha kwa maandishi, lakini zimeacha ugawaji wa ardhi, utwaaji wake, uthamini, malipo, na kwa sehemu kubwa hata usikilizaji wa malalamiko, mikononi mwa mhimili mmoja wa dola. Anayetakiwa kuzuiwa na mpaka ndiye aliyepewa kuulinda.

Mizizi ya jambo hili ni ya kikoloni. Novemba 1895 Kaisari wa Ujerumani alitoa amri iliyotangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe katika koloni lake ni ya dola. Waingereza wakafuata na Sheria ya Ardhi ya 1923, iliyoiita ardhi yote ya Tanganyika ardhi ya umma na kuiweka chini ya gavana. Mwaka 1928 sheria hiyo ilirekebishwa ili kumtambua mwenyeji anayekalia ardhi kwa mila, lakini gavana alibaki na kauli. Uhuru ulipokuja, jina la gavana lilifutwa katika sheria na jina la rais likaandikwa mahali pake. Mwaka 1963 milki za kudumu zilizotolewa enzi za ukoloni ziligeuzwa kuwa za muda. Aprili 1971 Bunge lilipitisha Sheria ya Utwaaji wa Majengo, na nyumba za kupangisha zenye thamani inayozidi shilingi 100,000 zikaingia mikononi mwa Msajili wa Majumba, bila fidia kwa jengo lililokuwa na umri unaozidi miaka 10. Mtu anaweza kuiunga mkono shabaha ya ujamaa na bado akaona kwamba aliyenyang'anywa hakuwa na pa kushika, kwani wakati huo Katiba haikuwa na sura ya haki za binadamu.

Watu wa kanda hii hawakuanza kufikiri juu ya mipaka ya mtawala baada ya kuja kwa mzungu. Katika Usukuma ardhi iligawiwa kupitia ng'wanangwa, mkuu wa gunguli, yaani kijiji, kwa niaba ya ntemi, na ntemi mwenyewe alichaguliwa na banang'oma, wazee ambao pia waliweza kumwondoa akishindwa kazi. Hans Cory, aliyefanya kazi katika serikali ya kikoloni, aliyaandika hayo kwa kirefu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Utaratibu ule ulikuwa na dhuluma zake, hasa kwa wanawake na wageni, na sitamani urudi. Nautaja kwa sababu mara nyingi huambiwa kwamba kuhoji mamlaka ya kiongozi juu ya ardhi ni fikra za kigeni. Si kweli.

Nafasi kubwa ya kurekebisha mambo ilipatikana mwaka 1991, Rais Ali Hassan Mwinyi alipounda tume ya kuchunguza masuala ya ardhi chini ya Profesa Issa Shivji. Tume ilizunguka nchi nzima kusikiliza wananchi, na mwaka 1992 ikakabidhi ripoti ambayo mpaka leo sijaona nyingine inayoizidi kwa kina. Pendekezo lake kuu lilikuwa kuiondoa ardhi mikononi mwa serikali kuu: ardhi ya vijiji iwe chini ya mikutano mikuu ya vijiji, na ardhi iliyobaki iwe chini ya Tume ya Ardhi ya Taifa inayowajibika kwa Bunge. Serikali ilikataa. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 na Sheria za Ardhi za 1999, yaani Sura ya 113 na Sura ya 114 zilizoanza kutumika Mei 2001, zilibakiza msingi ule ule: ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya raia wote.

Neno mdhamini lina uzito ambao watendaji wengi huusahau. Anayeshika kitu kwa niaba ya wengine anawajibika kwao, na matumizi yake ya madaraka yanaweza kuhojiwa. Sheria yenyewe inataja mambo ambayo kila mtendaji lazima ayazingatie, mojawapo likiwa kwamba maslahi ya mtu katika ardhi yana thamani, na kwamba akinyimwa maslahi hayo kwa uamuzi wa dola lazima alipwe fidia kamili, ya haki na ya haraka. Juu ya sheria hiyo iko Katiba. Ibara ya 24 inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na kuihifadhi, na inakataza kumnyang'anya mali yake bila idhini ya sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili. Ibara ya 13(6)(a) inampa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa. Ibara hizi ziliingia katika Katiba mwaka 1984 na zikaanza kudaiwa mahakamani Machi 1988.

Mwanza ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuzijaribu. Mwaka huo huo wa 1988, katika Mahakama Kuu ya hapa jijini, Jaji James Mwalusanya alisikiliza shauri la Chumchua Marwa dhidi ya mkuu wa gereza la Musoma na akaamua kwamba sheria ya kikoloni iliyomruhusu rais kumhamisha mtu kwa amri kutoka sehemu moja ya nchi kwenda nyingine ilikuwa kinyume cha Katiba. Februari 1990, katika shauri la Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory lililotoka Kagera, jaji huyo huyo aliamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanaume ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi. Baadaye, katika shauri la James Gwagilo, Mwalusanya alisema pia kwamba rais akimstaafisha mtumishi kwa maslahi ya umma lazima aeleze sababu. Huyu Gwagilo hakuwa anadai kiwanja, lakini kanuni iliyotoka pale inahusu viwanja moja kwa moja: maslahi ya umma yasiyoelezwa hayapimiki, na uamuzi usiopimika hauna mpaka.

Shauri lililoweka msingi wa ardhi lenyewe lilianzia Arusha. Baada ya operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 iliyowahamisha watu kwa mamilioni, mashamba mengi ya mila yaligawiwa watu wengine. Wenye mashamba walipoanza kushinda mahakamani, Serikali ilipeleka Bungeni sheria namba 22 ya 1992, iliyofuta haki za kimila katika vijiji hivyo, ikazuia fidia na kuziondoa kesi mahakamani. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph, waliokuwa wameshinda kesi ya shamba lao, wakaipinga. Mahakama Kuu ikawaunga mkono, na Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikakubali kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24, na kwamba kuifuta bila fidia na kumfungia mtu mlango wa mahakama ni kuvunja Katiba. Nyalali alionya kwamba tukikubali hoja ya Serikali, karibu wakazi wote wa Tanzania Bara watakuwa maskwota katika nchi yao wenyewe.

Kwa hiyo yule wa nne wa Nyakato, asiye na karatasi, si mvamizi. Ana mali. Na wa kwanza mwenye hati ana mali pia, si upangaji wa hisani. Huo ndio mwanzo wa hesabu.

Mkono wa Serikali humfikia mtu kwa njia tatu hivi, na ni muhimu kuzitenganisha kwa sababu kila moja ina masharti yake. Ya kwanza ni utwaaji wa lazima, chini ya Sheria ya Utwaaji wa Ardhi ya 1967. Rais anaweza kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, na sheria imeyatafsiri manufaa hayo kwa mapana mno: matumizi ya Serikali, matumizi ya umma kwa jumla, mradi wowote wa Serikali, na hata maeneo ya viwanda, kilimo au biashara. Barabara na hospitali zimo, lakini na kiwanja cha mwekezaji kimo. Upana huo unaufanya utaratibu uwe ngao pekee. Mwenye ardhi apewe notisi ya maandishi. Notisi iwe ya wiki sita, isipokuwa Rais athibitishe kwamba kuna dharura. Tangazo lichapishwe katika Gazeti la Serikali. Kisha uje uthamini, malipo, na ndipo kuhama.

Kanuni za 2001 zimeeleza fidia inavyokokotolewa, na kila mkazi wa kandokando ya Barabara ya Musoma angefaa azijue kama anavyoijua nauli ya daladala. Kuna thamani ya ardhi na jengo kwa bei ya soko. Kuna posho ya usumbufu, inayokokotolewa kwa kiwango cha riba ya akaunti za muda maalumu benki. Kuna posho ya usafiri ya kuhamisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Kuna posho ya malazi, ambayo ni kodi ya nyumba ya mwezi mara miezi 36. Kwa mwenye biashara kuna faida iliyopotea, nayo ni faida halisi ya mwezi mara miezi 36. Malipo yakichelewa kupita miezi sita, riba inaanza kuhesabiwa. Na Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 imeweka kwamba uthamini wa fidia unakufa baada ya miaka miwili. Baada ya hapo Serikali haiwezi kukulipa kwa bei ya zamani.

Zisome kanuni hizo ukiwa umesimama kwenye gereji ya Nyakato utaona zinapovuja. Faida iliyopotea huthibitishwa kwa hesabu, na pale inapohitajika kwa hesabu zilizokaguliwa. Fundi anayeshika pesa mkononi, asiye na vitabu, anapoteza fungu lote hilo ingawa kazi yake ni halali na wateja wake wanaonekana. Mthamini anayekuja kupima nyumba huwa amepewa kazi na taasisi inayotwaa, na ripoti yake inaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Tarehe ya uthamini ikishapita mwenye nyumba anaambiwa asiendeleze chochote. Hapo anakaa, hajahama wala hajalipwa, hapaki rangi wala kuongeza chumba, na benki haipokei nyumba yake kama dhamana. Kisheria yeye bado ni mmiliki. Kwa vitendo ameshanyang'anywa tangu siku ile ya kipimo. Kipindi hiki cha kungoja ndicho ninachokiona kuwa dhuluma kubwa kuliko kiwango chenyewe cha fidia, kwa sababu hakina anayekijibia.

Njia ya pili ni hifadhi, yaani ardhi ambayo sheria inasema haikupaswa kukaliwa. Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake zilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kutoka katikati. Ndipo zikaja rangi mbili: X nyekundu kwa aliye ndani ya hifadhi ya zamani, asiyelipwa, na X ya kijani kwa aliyeguswa na nyongeza, anayelipwa. Vivyo hivyo Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na katika jiji kama Mwanza, lililojengwa kati ya mawe na maji, mita 60 zinabeba nyumba nyingi na mialo ya samaki.

Sina ugomvi na hifadhi. Barabara inahitaji nafasi na ziwa linahitaji ukingo. Ugomvi wangu ni na dhana kwamba rangi nyekundu ni hukumu. Nani alitangulia, nyumba au hifadhi? Mpaka wa zamani uliwahi kuwekewa alama ardhini, au ulikuwa kwenye ramani ya ofisi tu? Kama manispaa iliidhinisha ramani ya ujenzi, ikatoza kodi ya jengo, na umeme na maji vikaunganishwa, dola ilikuwa inasema nini kwa miaka yote hiyo? Haya ni maswali ya ushahidi. Yanahitaji mtu wa tatu ayasikilize kabla ya tingatinga, kwa kuwa baada ya tingatinga ushahidi wenyewe umekuwa kifusi.

Kimara, Dar es Salaam, ilitupa somo hilo mwaka 2017. Huko hifadhi ya Barabara ya Morogoro ilidaiwa kuwa mita 121.5 kila upande, kwa sheria zenye asili ya enzi za mkoloni, na nyumba nyingi zilivunjwa bila fidia. Mwaka huo huo, akiwa ziarani hapa Mwanza, Rais John Magufuli alisimamisha bomoabomoa iliyokuwa inawakabili wakazi wa jiji hili. Watu walishangilia, na mwenye nyumba aliyeponea chupuchupu ana haki ya kushangilia. Lakini mchambuzi hana budi kuyaweka matukio hayo mawili pamoja. Katika mwaka mmoja, raia wa Kimara alipoteza nyumba na raia wa Mwanza aliokoa nyumba, na kilichowatenganisha kwa dhahiri kilikuwa kauli ya mtu mmoja. Nyumba iliyookolewa kwa neno la kiongozi jukwaani haijapata haki yoyote mpya. Imepata huruma, na huruma haisajiliwi ofisi ya ardhi wala haimfungi kiongozi ajaye.

Njia ya tatu ni kufuta milki. Sheria ya Ardhi inasema Rais hatafuta milki isipokuwa kwa sababu nzuri, na inazitaja: kuvunja masharti ya hati, kuitelekeza ardhi kwa miaka isiyopungua miwili, kuiuza kwa asiye raia kinyume cha sheria, na nyinginezo. Mmiliki apewe notisi ya siku 90 na nafasi ya kujieleza. Hadi hapo utaratibu ni mzuri. Kisha kinakuja kifungu kidogo kinachosema kwamba, licha ya hayo yote, Rais anaweza kufuta milki kama kwa maoni yake ni kwa maslahi ya umma kufanya hivyo. Maneno "kwa maoni yake" yanaibeba nchi nzima.

Katika awamu ya tano ufutaji wa milki za mashamba makubwa ulifanywa mara nyingi, na sehemu ya kazi hiyo ilistahili. Wapo watu waliokalia maelfu ya ekari yenye vichaka huku wanavijiji jirani wakikosa pa kulima. Hata hivyo, mwaka 2016 na 2017 zilifutwa pia milki za mashamba ya Waziri Mkuu wa zamani Frederick Sumaye, ya Mabwepande na Mvomero, muda si mrefu baada ya yeye kuhamia upinzani mwaka 2015. Serikali ilisema mashamba hayakuendelezwa. Yeye alisema ni siasa. Sichukui upande wa yeyote kati yao. Ninachosema ni kwamba anayetuhumu, anayepima ushahidi na anayetia saini ya mwisho wakiwa wa mhimili mmoja, raia hawezi kujua nani mkweli, na hata uamuzi wa haki unakosa heshima uliyostahili.

Zaidi ya njia hizo tatu iko ya nne isiyo katika sheria yoyote ya ardhi, na pengine ndiyo inayowagusa watu wa Nyakato mara nyingi kuliko zote: amri ya mdomo. Mkuu wa wilaya anakuja kwenye mgogoro wa mpaka au wa kiwanja kilichogawiwa watu wawili, anasikiliza dakika kumi mbele ya kamera, kisha anatamka nani ahame. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa mkoa na wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu ashikiliwe hadi saa 48 pale usalama wa umma unapotishiwa. Haimpi uwezo wa kuhamisha umiliki wa ardhi. Wanaokwenda kwenye mikutano hiyo wanakwenda kwa sababu mahakama ni ya polepole na gharama zake ni kubwa, nawaelewa. Lakini tamko la mkutano halina jalada wala hukumu ya maandishi, na halina rufaa.

Jinsi amri ya aina hiyo inavyoweza kufika mbali tunajua kutoka Nyamuma, wilayani Serengeti, mkoa jirani wa Mara. Oktoba 2001 wanakijiji waliondolewa kwa nguvu na mamlaka za wilaya, na nyumba zikachomwa moto. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilichunguza, ikabaini kwamba haki zilivunjwa, ikapendekeza wahanga walipwe fidia. Serikali ilikataa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kikaenda mahakamani kutaka mapendekezo yatekelezwe, na mwaka 2006 shauri lilikuwa bado liko Mahakama ya Rufani, likibishaniwa kama mahakama inaweza hata kulisikiliza. Miaka mitano ilikuwa imepita tangu moto ule.

Hapo tunafika kwenye tatizo la mlango wa mahakama. Kwa Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya 2002, mabaraza ya ardhi na nyumba ya wilaya yaliwekwa chini ya wizara ya ardhi, na wenyeviti wake wakawa wateule wa waziri kwa vipindi vya miaka mitatu mitatu. Wengi wao ni wanasheria waadilifu, lakini mwamuzi ambaye ajira yake inahuishwa na waziri hakupaswa kuwekwa katika mtihani huo. Kisha yakaja marekebisho ya 2020. Anayetaka kuishtaki halmashauri sasa lazima atoe notisi ya siku 90, amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na afungue kesi Mahakama Kuu. Zamani mwenye banda lililobomolewa na manispaa kimakosa aliweza kwenda baraza la wilaya. Sasa anahitaji wakili wa Mahakama Kuu kwa mgogoro ambao huenda thamani yake haifiki ada ya wakili. Mwaka huo huo marekebisho mengine yalimtaka anayefungua shauri la haki za msingi aonyeshe kwamba yeye binafsi ameathirika, na hivyo mashirika yaliyokuwa yakiwasemea wanyonge yakafungiwa njia yaliyoizoea. Na hata ukishinda, mali ya Serikali haikamatwi kwa dalali wa mahakama. Unasubiri ilipe.

Mfano wa Loliondo unaonyesha jambo la ziada. Septemba 2023 Mahakama Kuu Arusha ilibatilisha tangazo la waziri la kuanzisha huko Pori Tengefu la Pololeti kwa sababu wananchi hawakushirikishwa. Lakini kufikia hapo tangazo jingine, la Rais, la Oktoba 2022, lilikuwa limeshaligeuza eneo hilo kuwa pori la akiba. Mahakama ilifika wakati uamuzi uliobishaniwa umeshapitwa na mwingine wa ngazi ya juu zaidi.

Ng'ambo ya ziwa letu wamechagua tofauti. Katiba ya Uganda ya 1995 inasema ardhi ni ya raia wenyewe, na ibara ya 26 inataka fidia ilipwe kabla Serikali haijashika ardhi. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda iliibana mamlaka ya barabara katika shauri la Irumba Asumani, ikasema kifungu kilichoruhusu kuchukua ardhi kwanza na kulipa baadaye ni batili. Serikali ilipeleka bungeni mwaka 2017 mapendekezo ya kubadili Katiba ili iweze kuweka pesa mahakamani na kuendelea na mradi, wananchi wakapinga vikali, mapendekezo yakaondolewa. Kenya, baada ya ripoti ya Ndung'u ya 2004 kuonyesha jinsi marais na maofisa walivyogawa ardhi ya umma kama zawadi, iliandika katika Katiba ya 2010 Tume ya Taifa ya Ardhi, ikawaondolea watendaji sehemu kubwa ya uwezo huo. Wakenya watakwambia tume hiyo imekuwa na kashfa zake, na ni kweli. Lakini ni chombo kinachoweza kuitwa bungeni na kushtakiwa bila kuonekana unamshtaki mkuu wa nchi.

Wapo watakaosema nchi maskini haiwezi kujenga reli kwa mtindo huo. Reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka ni kilomita 341. Kila kaya ikipewa nafasi ya kupinga, lini tutamaliza? Hoja hii ina uzito na sitaki kuipita haraka. Mradi unaosimama unagharimu fedha za walipakodi, na wapo wanaopanda migomba usiku ili walipwe asubuhi. Lakini angalia kinachochelewesha miradi yetu. Mara nyingi ni fedha za fidia zisizotengwa mapema, uthamini unaorudiwa kwa sababu miaka miwili imeisha, na watu wanaokaidi kuhama kwa kuwa jirani yao wa mradi uliopita hajalipwa hadi leo. Kulipa kabla ni sharti linalomlazimisha mpangaji wa bajeti aijue gharama halisi kabla ya kukata utepe.

Kinachohitajika si kumnyima Rais madaraka ya utwaaji. Ni kuyagawa. Fedha za fidia ziwekwe katika akaunti maalumu kabla ya notisi kutolewa, na bila hati ya akaunti hiyo notisi isiwe na nguvu. Mwenye ardhi awe na haki ya mthamini wake wa pili, kwa gharama ya mradi. Mabaraza ya wilaya yaingie chini ya Mahakama, jambo ambalo limezungumzwa kwa miaka. Kesi ndogo dhidi ya halmashauri zirudi karibu na mwananchi. Ufutaji wa milki kwa maslahi ya umma uandikwe sababu zake na usubiri siku za kutosha za rufaa kabla kiwanja hakijapewa mtu mwingine. Na pendekezo la 1992 la tume inayowajibika kwa Bunge lirudishwe mezani wakati wa mjadala wa Katiba mpya, maana bila hilo mengine yote yatategemea wema wa aliye ofisini.

Hadi hapo patakapofika, neno langu kwa mwenye kiwanja Nyakato ni hili. Usikubali amri ya mdomo. Omba barua yenye jina, cheo, tarehe na kifungu cha sheria. Usisaini fomu ya uthamini iliyo wazi, na usiondoke bila nakala yake. Andika tarehe ya kila alama na kila notisi, kwa sababu siku 90 na miezi sita ya kuomba mapitio ya mahakama zinahesabiwa hata kama hujui. Piga picha nyumba na mazao kabla hayajaguswa. Jiungeni mtaa mzima mkalipie wakili mmoja. Na mkiitwa kwenye kikao cha mradi nendeni, muulize swali la kwanza kabla ya mengine yote: fedha za fidia ziko akaunti gani, na tangu lini?